Wapangaji Wangu wa Ujiji

Wa kwanza niliwaua kwa usafi. Nilichomoa sponji ya chujio, nikaipeleka bombani, nikaikamua hadi maji yakatoka meupe, nikairudisha ndani ya tangi huku najiona mtu wa maana. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu jioni nilipofunga kibanda na kurudi nyumbani, samaki wote wanne walikuwa juu kabisa ya maji, midomo nje, mashavu yanafunguka na kujifunga kama ya mtu aliyepandisha mlima na gunia la mahindi kichwani. Jumanne alfajiri niliwatoa kwa upawa.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchicha. Akautazama upawa, kisha akanitazama mimi.

"Wamekufa?"

"Wamekufa, Bibi."

"Na ziwa liko pale," akasema, akionyesha magharibi kwa kidole gumba bila hata kugeuka. "Huo upawa usiurudishe jikoni kwangu."

Mimi ni fundi simu. Kibanda kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, naishi Ujiji kwa bibi mzaa mama, na kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye maji ya Ziwa Tanganyika ni dakika kumi kwa miguu usiposimama kusalimiana, jambo ambalo Ujiji haliwezekani. Nimekua nikila dagaa, migebuka na kuhe. Samaki asiyefaa sahani sikuwa na habari naye. Kwa hiyo nilipoletewa samaki wanne kwenye mfuko wa nailoni, mkubwa wao hafiki hata urefu wa kidole changu cha mwisho, nilijua natiwa utani.

Aliyewaleta ni jirani yangu, mzamiaji, ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi na watu wenye leseni ya kusafirisha samaki wa mapambo nje ya nchi. Alikuja na simu iliyoingia maji. Mzamiaji kuleta simu iliyoingia maji ni sawa na muuza mkaa kuleta shati lililochafuka, huulizi ilikuwaje. Niliifungua, nikaisafisha kwa spiriti, nikabadilisha sehemu ya kuchajia. Ilipofika kwenye malipo akaniambia, "Fundi, hela sina mpaka mwisho wa mwezi. Shika hawa kama rehani."

Ndiyo rehani niliyoitoa kwa upawa. Alipokuja kulipa deni lake alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza swali moja tu: "Uliwapa nyumba?"

Sikuwa nimewapa. Nilikuwa nimeweka kipande cha chungu cha maua na vizibo viwili vya soda, kwa uzuri.

Samaki wenyewe kitaalamu wanaitwa Lamprologus ocellatus. Ni wa ukoo mmoja na sato, ule ukoo ambao wataalamu wanauita sikilidi, ila hawa ni kama wajukuu waliodumaa: dume akikua sana hupita sentimita 5 kidogo, jike hafiki 5. Kwenye shavu wana doa jeusi lenye mzingo wa dhahabu, kana kwamba wana jicho la pili la kukutazamia pale unapodhani hawakuoni. Sokoni hawana jina, maana asiyeuzwa kwa sahani wala kwa kilo nani atahangaika kumpa jina? Mimi nawaita wapangaji. Maisha yao yote yamezunguka nyumba ya mtu mwingine: gamba tupu la konokono.

Kosa la sponji nalo nililielewa nikiwa nimeshazika. Samaki hujisaidia kwenye maji yale yale anayovuta, na uchafu huo hutoa amonia. Ndani ya sponji huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha kuwa naitreti, ambayo ukali wake ni mdogo. Bakteria hao huhitaji mwezi mzima, mara nyingine wiki sita, kuzaana wakatosha. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria. Kwa mkono wangu niliwafukuza wafagiaji wote wa mtaa asubuhi moja, halafu nikashangaa taka zimejaa.

Na maji ya kwetu hayasamehi. Ziwa Tanganyika limeelekea upande wa magadi, si upande wa ndimu: pH yake, yaani kipimo cha hali hiyo, hucheza karibu na 9. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, joto likiwa nyuzi 25, inapita theluthi ya amonia yote iliyomo. Anayefuga samaki wa mito ya msituni anaweza kukosea leo, akakumbuka keshokutwa, akakuta bado wanaogelea. Huku utakumbuka ukiwa na upawa mkononi.

Sponji siku hizi naikamua ndani ya ndoo, kwa maji niliyoyachota kwenye tangi lenyewe, mara tatu tu, na nikiona bado ina uchafu naiacha na uchafu wake.

Mara ya pili sikuanza na samaki. Nilianza na magamba, na kama kuna mtu anasoma hapa akiwa na hamu ya kujaribu, sehemu hii ndiyo ningependa aisome mara mbili. Watu hununua samaki, halafu tangi, halafu mwishoni kabisa wanakumbuka pa kulala. Kwa hawa ni kinyume. Jike asiye na gamba hazai. Dume asiye na magamba ya kugawa hana wake. Idadi ya kaya utakazopata haitegemei umenunua samaki wangapi, inategemea umeweka nyumba ngapi.

Gamba linalotakiwa ni la konokono anayeitwa Neothauma tanganyicense. Hayupo popote duniani ila kwenye ziwa hili. Gamba lake ni la mviringo, mnene, lina mlango mpana, na likikua sana linafika sentimita 6 hivi. Yeye mwenyewe hatagi mayai nje kama konokono wengi; huzaa watoto wakiwa wameshaumbika na vigamba vyao mgongoni. Akifa, gamba linabaki. Kwenye maziwa mengi gamba tupu huyeyuka taratibu, lakini maji yetu yamejaa chokaa na yale magadi niliyoyasema, kwa hiyo halina haraka ya kwenda popote. Yanalundikana vizazi kwa vizazi mpaka chini ya ziwa panakuwa na viwanja vizima vya magamba. Yule jirani yangu anasema ukishuka ukapita mawe, ukafika kwenye mchanga, unaona eneo limejaa kama changarawe iliyomwagwa na lori, na ukitulia bila kupiga miguu, baada ya muda kila tundu linatoa kichwa. Yako magamba yaliyopimwa umri yakakutwa na mamia ya miaka. Mpangaji wangu anaweza kuwa analala kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya miembe yote ya Ujiji kupandwa.

Wageni wakija Ujiji hupelekwa kuoneshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ni sawa, na sisi tunapata hela ya soda. Lakini miaka 13 kabla ya hapo, Waingereza wawili, Burton na Speke, walishafika hapa, na Speke aliokota makombe na magamba ufukweni akayabeba hadi London, ambako mwaka 1859 wasomi waliyaandika kama viumbe wasiowahi kuonekana. Mtu ametembea kutoka pwani, anaumwa macho, halafu anainama kuokota konokono. Huyo namwelewa kuliko yule wa "nadhani wewe ndiye Daktari".

Basi nami nikainama. Wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kupanda bajaji ya kwenda Mwanga, nilitembea ufukweni na mfuko. Haikuwa rahisi. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii ya karibuni, na sehemu nilizokuwa nikicheza mpira utotoni sasa zina samaki. Magamba mengi yanayotupwa na mawimbi yamevunjika mdomo. Nilipata 14 mazima. Sharti nililojiwekea tangu mwanzo ni kwamba naokota yaliyotupwa ufukweni tu. Yaliyoko chini ya maji si takataka.

Nikayachemsha ili kama kuna konokono aliyefia ndani asije akaozea kwenye tangi. Niliyachemsha kwenye sufuria ya Bibi.

"Yaani mkonokono!" Bibi hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha. "Kwenye sufuria ya ugali wangu!"

Nilimnunulia mpya, namba kubwa zaidi, na ya zamani sasa ni mali ya wapangaji.

Tangi alinitengenezea fundi vioo wa Mwanga ambaye kazi yake ya kila siku ni madirisha: sentimita 60 kwa 30 kwa 30, linaingia maji lita 50 na ushei. Ukienda kwa fundi kama huyo mwambie atumie silikoni ya kawaida inayonuka siki wakati inakauka, asitumie ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo haichagui kati ya ukungu na samaki. Mchanga ni wa ziwani, umepitishwa kwenye chekeche la unga na kuoshwa mpaka mkono unaonekana ndani ya ndoo, kina cha vidole vitatu. Maji ya bomba letu chanzo chake ni ziwa hilohilo, kwa hiyo naacha ndoo wazi siku nzima klorini ipungue, basi. Nilisoma kwamba wafugaji wa Ujerumani huchanganya chumvi za madini kwenye maji yao, wakipima kwa mizani, ili wapate kitu kinachofanana na tunachooshea vyombo. Nilijisikia tajiri kwa dakika kadhaa.

Nikaliacha tangi likae wiki tano bila samaki, nikitupia punje chache za dagaa wa kusaga ili bakteria wapate cha kula. Wateja waliopita nyumbani walidhani nimefuga magamba.

Kuhusu kibali: nilikwenda kumuuliza afisa uvuvi kabla ya kuleta wengine, na ninakushauri ufanye hivyo. Biashara ya samaki hai wa mapambo ina leseni zake na si jambo la kuchota kwa beseni. Mimi nilipata watatu kwa njia iliyonyooka, dume mmoja na majike wawili. Sitaeleza zaidi, si kwa sababu kuna siri bali kwa sababu ni hadithi ya foleni na fomu.

Walipoingia nilikaa mbele ya tangi tangu magharibi mpaka saa nne usiku. Jike mkubwa alilizunguka kila gamba, akaingiza kichwa, akatoka, akaenda jingine, kama mtu anayekagua vyumba vya kupanga akigonga kuta. Akachagua la tano. Kisha akaanza kazi. Alichimba upande mmoja kwa kujaza mchanga mdomoni na kwenda kuutema mbali, safari moja, mbili, sikuhesabu tena. Gamba likaanza kuinama kwenye shimo. Akaenda upande wa pili, akalisukuma kwa paji la uso, mwili mzima ukipinda. Halijasogea. Akarudi kuchimba. Akalisukuma tena, likazunguka kidogo, mlango ukaangalia juu. Halafu akasimama juu ya kilima cha mchanga, akageuza mkia kwenye gamba, akapiga mapezi kwa nguvu mpaka mchanga ukaruka na kulifunika. Saa tatu na nusu hapakuwa na gamba tena. Palikuwa na tundu tu kwenye mchanga, ukingo wake sawasawa na ardhi, na ndani ya tundu jicho.

Jike wa pili alijenga kwake usiku. Asubuhi niliyahesabu magamba: niliweka 14, yalionekana matatu. Yaliyobaki alikuwa ameyazika dume, yote, kwa kazi ile ile ya mdomo na mkia. Ndiyo tabia yao. Dume hataki pawe na chumba kitupu ambacho jike mgeni anaweza kuingia bila ridhaa yake, au dume mwingine akajificha. Nawajua wenye nyumba wa aina hiyo.

Hata hivyo huyu ni mstaarabu ukimlinganisha na binamu yake wa ziwani, Lamprologus callipterus. Yule dume ni pande la samaki, na uzito wake ni zaidi ya mara 12 ya uzito wa jike wake. Yeye haingii kwenye gamba, hawezi. Anayabeba kwa mdomo na kuyarundika pamoja mpaka anakuwa na mtaa mzima, na kila jike anayekuja kutaga anapata chumba. Akikosa matupu anaiba kwa jirani, na akiiba haangalii kama ndani kuna mwenyewe. Na kwa kuwa kila kufuli ina ufunguo wake wa bandia, wapo madume vibete wa aina hiyo hiyo, wembamba kama kijiti, ambao hupenya hadi ndani kabisa ya gamba, kwenye kona ambayo hata jike haifikii, na kuzalisha kutoka humo wakati pande la samaki linalinda mlango. Hao sitawafuga. Nina pressure.

Wapangaji wangu hutaga ndani. Jike anaingia, anatoka kidogo, anajipinda kumwonesha dume tumbo, anaingia tena. Dume anakuja kumalizia kazi yake pale mlangoni. Yote haichukui muda na hakuna cha kuona. Unachokiona ni jike kubadilika. Haendi mbali. Anakula kwa kuruka nje, kudaka na kurudi. Anakaa mlangoni akipepea mapezi ya kifuani kusukuma maji mapya kwa mayai. Ukipeleka kidole, anakipiga. Samaki wa sentimita 4 anashambulia kidole cha mtu mzima, na nakuapia unashtuka.

Siku ya kumi ndiyo niliyowaona. Nilikuwa nimebeba nyumbani lenzi yangu ya kazini, ile ya kuangalia njia za shaba kwenye bodi ya simu. Nikaibana jichoni, nikaegemeza paji la uso kwenye kioo. Mlangoni mwa gamba, chini ya kidevu cha mama yao, palikuwa na vumbi. Vumbi likasogea. Kila punje ilikuwa na vidoti viwili vyeusi, na nyuma ya vidoti uzi wa kung'aa usio na rangi, kama ule wa gundi ya simu unapoivuta ikiwa ya moto. Walikuwa wamekaa juu ya mchanga kwa matumbo yao, wakirukaruka kwa kutetemeka, urefu wa punje ya mchele haujafika. Mama yao akatikisa kichwa mara moja tu, kidogo, na wote wakaanguka ndani ya tundu kama maji kwenye sinki.

Nilimwita Bibi. Akaja, nikamvika lenzi. Akakaa kimya muda mrefu.

"Mbona sioni kitu?"

"Una macho mawili wazi, Bibi. Fumba moja."

"Ahaa." Kimya tena. "Hawa hata paka hashibi."

Uzao huo ulikufa wote. Nilisoma mahali kwamba vifaranga wa samaki hupewa kiini cha yai lililochemshwa, kilichopondwa kwenye kitambaa. Nikawapa. Walikula kidogo, na kilichobaki kikageuza maji kuwa uji kufikia asubuhi. Rudi kwenye ile hesabu ya amonia na pH 9. Wazazi walipona kwa kubadilishiwa maji mara mbili kwa siku, kidogokidogo; watoto hawakupona. Kiini cha yai kina watu wanaokisifu, nami sibishani nao, labda wana mikono myepesi kuliko yangu.

Chakula chao cha kweli ni wadudu wadogo wanaoelea majini, na wadudu hao wapo ziwani bure. Usiku hupanda juu, na taa huwavuta. Dagaa huwafuata hao, na wavuvi wetu wa karabai huwafuata dagaa. Nilishona kifuko cha kitambaa chepesi cha pazia kwenye waya, nikawa nashuka gatini baada ya isha na tochi, navuta kifuko mara chache kwenye maji yenye mwanga, nageuza ndani ya chupa. Ukiishika chupa kwenye taa unaona vitu vinarukaruka. Vikubwa nilivichuja, maana wapo humo wenye kuweza kumng'ata kifaranga wa siku chache. Vijana wa gatini walinipa jina ambalo sitaliandika.

Uzao wa pili ulipata chakula hicho, na kwa mara ya kwanza niliona tumbo la kifaranga likiwa la rangi: kamstari kadogo ka machungwa ndani ya mwili wa kioo. Nilifurahi kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa na simu sita za watu mezani.

Halafu ziwa likafungwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nani angeniamini, usiku, gatini, na tochi na kifuko, eti navua wadudu? Nikaacha. Nikaagiza Dar es Salaam mayai ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyouzwa vikiwa vikavu kama unga. Unavitia kwenye chupa ya soda yenye maji na chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, unapitisha hewa, na baada ya siku moja na nusu, kwa joto la Kigoma, vimeanguliwa. Unavichuja, unavisuuza chumvi, unawapa kwa bomba la sindano mbele ya tundu, tone moja asubuhi, moja jioni. Ni ghali. Wakubwa niliwahamishia kwenye viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la maji ya mvua la Bibi, na hapo ndipo Bibi alipoanza kuona kuna faida.

Miezi hiyo mitatu dagaa walipanda bei mpaka watu wakawa wanawahesabu. Kila aliyepita barazani alitaka kujua kama tangi langu nalo limefungwa. Mjumbe mmoja alijitolea kuja kusimamia ufunguzi akiwa na limao.

Usiku mmoja mwezi wa sita umeme ulikatika saa tano. Niliamshwa na ukimya. Pampu ya hewa ukiizoea huisikii mpaka inyamaze. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, lakini chini ya mita mia mbili hivi hakuna oksijeni, hakuna samaki, ni maji tu ya giza. Tangi la lita 50 lenye familia mbili halihitaji kwenda chini hivyo ili lifanane na huko. Nilichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, nachota namimina, mpaka saa nane. Kesho yake kibandani nilikusanya betri nne za simu zilizovunjika vioo, nikaziunga kwenye bodi ya pawabenki iliyokuwa imekaa tu, nikanunua kipampu kidogo cha volti 5. Sasa umeme ukienda kinaendelea chenyewe kwa muda wa saa kumi na mbili. Kati ya vitu vyote nilivyowahi kutengeneza, ndicho pekee ambacho mteja wake hajawahi kulalamika.

Vifaranga wa uzao wa pili nilihesabu 17. Waliofika sentimita 1 ni 15. Kwa wiki kadhaa waliishi kwa mama, wakitoka mchana kuzunguka mlango na kurudi ndani nikipita. Kisha siku moja mama alianza kuwatoa. Hakuwauma. Alikuwa anawasukuma kwa pua, mmoja mmoja, kutoka kwenye shimo lake, na aliyerudi akasukumwa tena. Walirundikana kona ya tangi, wamepauka. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba upya.

Nilifukua magamba manne ambayo dume aliyazika, nikayapanga kona ile, nyuma ya jiwe asikoona vizuri. Kufika jioni yote manne yalikuwa na vichwa, mengine viwiliviwili. Mmoja, asiyezidi ukucha wangu, alikuwa anachukua mchanga punje moja kwa safari, anautema hatua moja mbali, anarudi.

Sasa nina vijana 41 kutoka mazao manne, na nyumba 14 ambazo nyingi zina watu. Dume anazika ninachofukua. Mvua zikianza, mto Luiche utaleta tope jekundu ziwani hapa upande wa Ujiji, na ufukweni hutaona gamba wala mguu wako.

Wiki iliyopita jirani yangu alikuja kibandani na simu. Nyingine. Nilipoitikisa ilitoa sauti.

"Fundi, mwisho wa mwezi," akasema. "Au nikuletee rehani?"

Nikamwambia hela sitaki na samaki sitaki. Anaenda na boti huko kaskazini, kwenye fukwe ambazo watu hawafiki, basi aniletee magamba ishirini, mazima, mdomo haujavunjika. Simu iko kwenye droo, ndani ya bakuli la mchele. Ya ufukweni, nilimsisitizia, siyo ya chini.

"Ya chini yana nini?"

"Yana wenyewe."